Watoto wa skauti wapo tele, anayekosekana ni wewe

Hebu niambie ukweli. Jumamosi saa nane mchana huwa uko wapi? Kama wewe ni wa rika langu, ile miaka ya ishirini na kitu, pengine ndio unaamka, ama uko kwa kinyozi, ama uko base na mbogi mnasubiri mechi ya kwanza. Sikuhukumu. Hata mimi niko hapo wikendi nyingi.

Nauliza kwa sababu saa hiyo hiyo, kwenye uwanja wa shule ya msingi ambao si mbali na kwako, kuna watoto wamevaa skafu shingoni na wanatazama geti. Wanasubiri mtu mzima mmoja afike. Akifika, watacheza, watafunga kamba, watajifunza kumhudumia aliyeungua. Asipofika, wanarudi mtaani, na mtaa wetu unaujua.

Leo nataka tuongee kuhusu skauti. Ngoja, usifunge hii kitu bado.

Najua picha uliyo nayo kichwani. Wale watoto wa kaki wanaosimama wima juani siku ya Madaraka. Wale wanaoelekeza magari harusini na kupanga viti kwenye mkutano wa wazazi. Shuleni kwetu tuliwaona kama askari wadogo wa mwalimu wa zamu, na kila mtu alitaka kuwa kwenye drama ama mpira, si huko.

Hizo kazi zipo kweli, lakini ni sehemu ndogo. Kundi la skauti likiwa linaendeshwa vizuri linagawanywa vikosi vya watoto kama sita hadi wanane, na kiongozi wa kikosi ni mtoto mwenzao. Yeye ndiye anajua nani hajaja na kwa nini, nani hana viatu, nani anaogopa giza kambini. Wanapanga wenyewe, wanapika wenyewe, wanakosea wenyewe na kurekebisha. Kazi ya mtu mzima ni kuandaa shughuli, kulinda usalama, na kunyamaza inapofaa. Hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu zaidi, watakwambia viongozi wenyewe.

Hapa Kenya wamepangwa kwa umri. Wadogo kabisa wa shule ya msingi ni Sungura. Wakikua kidogo wanakuwa Chipukizi. Wa umri wa sekondari ni Mwamba. Halafu kuna Jasiri, wa miaka 18 hadi 26. Soma tena hiyo ya mwisho. Jasiri ni wewe.

Kutoka Brownsea hadi Nyeri

Historia nitaipitia haraka. Agosti 1907, mwanajeshi Mwingereza aitwaye Robert Baden-Powell alipeleka wavulana kama ishirini kupiga kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa watu wa kawaida wa mtaani. Akawachanganya, akawagawa vikosi vinne, akaona kama watapatana. Walipatana. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na kufikia 1910 skauti ilikuwa imeshaingia Kenya.

Mzee mwenyewe alikuja kumalizia maisha yake Nyeri. Alihamia mwaka 1938, akaishi kwenye nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika hoteli ya Outspan, na akafariki Januari 8, 1941. Kaburi lake liko hapo hapo mjini. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati, ambayo kwa alama za njiani za maskauti inamaanisha nimeenda nyumbani. Kila Februari, karibu na tarehe 22 ambayo ndiyo siku aliyozaliwa, maskauti wanajaa Nyeri kumkumbuka.

Sasa kuna msomaji wangu mmoja lazima ataniuliza, huyo si alikuwa mtu wa mkoloni? Swali la haki. Alikuwa mwanajeshi wa himaya ya Uingereza, na serikali ya kikoloni iliipenda skauti kwa sababu ilidhani itapata vijana watiifu. Lakini sheria ya nne ya skauti ilisema skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Waafrika wakaisoma hiyo, wakauliza, kama sisi ni ndugu, mbona tunatengwa kwa rangi ya ngozi? Sheria ya mzungu ikageuka swali kwa mzungu.

Ndio maana uhuru ulipokuja skauti haikuondoka na bendera ya Uingereza. Kenya iliingia kwenye shirika la skauti duniani mwaka 1964, na kwa desturi Rais wa nchi ndiye mlezi wa chama. Ofisi ya kanda nzima ya Afrika iko hapa Nairobi, kwenye kambi ya Rowallan, mkabala na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, jirani na Kibra. Pengine umepita hapo na mathree mara mia bila kujua.

Jumamosi moja Eastlands

Basi nikaenda kushinda na kundi moja huku Eastlands. Silitaji jina, kwa sababu kiongozi wake aliniomba nisimfanye selebu. Ni jamaa wa miaka 27, anaendesha bodaboda siku za wiki. Jumamosi mchana, saa ambazo abiria ni wengi na chapaa iko, anaegesha pikipiki kando ya darasa la Gredi ya Tatu na kutoa begi lake. Ndani ya begi kuna kamba za katani, filimbi, bandeji, daftari la mahudhurio na pakiti mbili za biskuti alizonunua mwenyewe.

Walianza na mchezo wa kukimbizana hadi wachoke. Halafu wakasimama mviringo, bendera ikapanda, kila kiongozi wa kikosi akatoa ripoti. Msichana mmoja wa miaka kama 12 alieleza kwamba mwenzao hakuja kwa sababu anamlea mdogo wake mama akiwa kibaruani. Kikosi kikaamua watapita kwao jioni kumfundisha alichokosa. Hakuna mtu mzima aliyewaambia wafanye hivyo.

Somo la siku lilikuwa kuungua. Wewe umeishi mtaani, unajua jinsi ajali za jiko na chai moto zilivyo nyingi kwenye nyumba ya chumba kimoja. Watoto waliulizwa huko kwao watu hufanya nini. Mmoja akasema dawa ya meno. Mwingine unga. Mwingine mafuta ya kupikia, mwingine yai. Kisha wakaonyeshwa: maji safi ya kawaida yasiyo ya barafu, yamiminike juu ya kidonda dakika ishirini, vua pete au bangili kabla ya kuvimba, usipasue lengelenge, usipake kitu chochote, funika kwa kitambaa safi kisichonata, mpeleke kliniki. Bomba la shule halikuwa na maji siku hiyo, wakatumia jagi na ndoo. Kila mtoto alifanya zamu yake, akiwa anahesabu dakika kwa sauti.

Baadaye ikaja kamba. Kuna fundo la kufungia bandeji, lile linalolala bapa ili lisimuumize mgonjwa. Kuna kitanzi ambacho hakikazi hata ukivuta, cha kumzungushia mtu kiunoni umtoe shimoni ama majini. Niliwahi kudhani mafundo ni mambo ya kupoteza wakati. Halafu ukumbuke Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Mathare na Mukuru usiku watu wamelala. Nani alifika kwanza? Majirani. Kwenye dharura nyingi za mtaa, anayefika kwanza ni jirani, na jirani anafanya anachojua. Kaulimbiu ya maskauti duniani kote ni kuwa tayari, na kwa mtoto anayelala mita chache kutoka mtoni hayo si maneno ya kupamba beji.

Kufikia saa kumi na moja, wimbo, bendera ikashuka, watoto wakapeana mikono ya kushoto jinsi maskauti husalimiana, wakaenda.

Ndipo jamaa akaniambia habari yenyewe. Amepata kazi Qatar. Viza imetoka, anasafiri baada ya wiki chache. Kwa miezi mitatu amekuwa akitafuta mtu wa kumwachia kundi. Amewauliza maboda wenzake, amewauliza vijana wa kanisa, amewauliza waliokuwa maskauti wake miaka ya nyuma ambao sasa wamemaliza kidato cha nne. Wote wanasema ni kitu poa sana. Hakuna aliyesema nitakuja Jumamosi.

Hao watoto thelathini na kitu bado hawajui.

Kwa nini makundi hufa

Nikaanza kuulizia makundi mengine na hadithi ikawa inafanana. Watoto hawajawahi kuwa tatizo. Mtoto wa Nairobi hana pa kucheza. Uwanja umejengwa ghorofa, barabara ina magari, nyumbani kuna simu tu. Mwite aje kuwasha moto na kulala kwenye hema, atakuja mbio.

Tatizo ni kwamba skauti nyingi hapa kwetu huendeshwa shuleni, chini ya mwalimu. Mwalimu akipata uhamisho kwenda Turkana ama Kwale, kundi linabaki na sare kabatini. Na mwanafunzi akimaliza shule, skafu inaingia kwenye sanduku pamoja na vitabu vya KCSE. Wale wanaoendelea chuoni wanaweza kukuta maskauti wenzao huko. Lakini wengi wetu hatuko chuoni. Tuko mjengo, tuko Gikomba, tuko boda, tuko nyumbani tunatuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi.

Nasema hivi kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Tangu siku hiyo, kila mlango ninaobisha unaniuliza karatasi. Hapa kuna sehemu ambayo swali la kwanza ni kama Jumamosi utakuja, na la pili ni kama Jumamosi inayofuata utakuja tena. Ukweli ni kwamba hilo la pili ndilo mtihani wenyewe, na digrii haikusaidii kulipita.

Na usiniambie kizazi chetu hakijui kujitolea. Juni 2024 tuliona. Watu wasiojuana walibeba maji, walihudumia majeruhi, walichanga pesa za matibabu kwa simu. Tulijipanga bila mtu wa kutupanga. Kitu ambacho hatujazoea ni kujitolea kusiko na moto wala kamera, kule kwa kila wiki, mvua ikinyesha na timu yako ikicheza.

Kuvuta wanachama wapya

Nilimuuliza yule jamaa jinsi alivyotoka watoto saba hadi hapo alipo. Nilidhani ataniambia mabango ama TikTok. Haya ndiyo aliyojifunza, pamoja na niliyookota kwa viongozi wengine.

Kwanza, chezeni mahali mnapoonekana. Kundi linalojifungia darasani halipati mtu. Kundi linalojenga daraja la fito na kamba katikati ya uwanja linapata watoto ukutani wanauliza kama wanaweza kuingia. Waingie siku hiyo hiyo.

Pili, mtoto huletwa na mtoto. Tenga siku moja kila muhula ambapo kila mwanachama anakuja na rafiki mmoja, na siku hiyo fanyeni kile mnachokipenda zaidi. Hotuba weka siku nyingine.

Tatu, mzazi anataka majibu matatu. Wewe ni nani, mtakuwa wapi, na hii kitu itanigharimu pesa ngapi. Nenda umwone kwake ama kwenye kibanda chake, mwite mama fulani kwa heshima, mpe namba yako na ya mwenzako. Mwambie saa mtoto atakaporudi, na arudi saa hiyo, kabla ya giza. Ukichelewa mara mbili umempoteza mtoto na mlango mzima wa ploti yao.

Nne, sare isiwe geti. Seti kamili ni pesa, na kwa familia nyingi ni chakula cha siku kadhaa. Mtoto aanze na nguo zake. Skafu za kundi zinaweza kukaa kwenye begi lako na kugawiwa kila wiki hadi aweze kupata yake.

Tano, angalia kalenda ya imani zao. Jumamosi asubuhi wengine wako madrasa, na Waadventista wako kanisani siku nzima. Kuna makundi yamehamia Jumapili alasiri kwa sababu hiyo tu, na idadi ikapanda.

Sita, wasichana. Skauti Kenya inachukua wavulana na wasichana, lakini mama wengi hawatamruhusu binti yao kwenda kambini bila kiongozi wa kike, na wako sawa. Kama wewe ni dada unasoma hapa, ujue wewe ndiye unayetafutwa kuliko sisi wote. Ukiingia wewe, binti kumi wanaweza kuingia nyuma yako.

Na la mwisho, usichukue watoto wengi kuliko unavyoweza kuwaangalia. Ishirini wanaojuliwa majina ni bora kuliko sitini wanaohesabiwa.

Itakugharimu nini

Sitakudanganya. Haina mshahara. Itakula nauli, bando, na saa ambazo ungekuwa unatafuta pesa. Kuna siku mvua itanyesha na watakuja wanne. Kuna mzazi atakulaumu kwa kitu ambacho hukufanya. Marafiki watakucheka, watakuita mwalimu wa nursery. Ukiwa huna chakula nyumbani, anza na kujilisha. Wiki mbili kwa mwezi mkipokezana na mwenzako ni bora kuliko kuja kila wiki kwa mwezi mmoja halafu upotee.

Utapata nini? Utajifunza kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Utajua kupanga safari ya watu arobaini kwa bajeti ya watu kumi. Kuna mafunzo ya viongozi yanayopanda ngazi kwa ngazi hadi Wood Badge, ambayo ilianzishwa mwaka 1919 huko Gilwell Park karibu na London. Ukiipata unavaa kamba ya ngozi yenye shanga mbili za mti shingoni, na skauti wa nchi yoyote akiiona anajua umepitia nini. Kwa sisi wa CV nyembamba, hiyo si haba.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina mjadala: usalama wa watoto. Watu wabaya hupenda mahali palipo na watoto na pasipo na maswali. Kwa hivyo kubali kuulizwa maswali. Kachukue cheti cha mwenendo mwema cha polisi. Usibaki peke yako na mtoto mahali pa kujificha, kila mara muwe watu wazima wawili. Usimtumie mtoto meseji za faragha usiku, ongea na mzazi. Usipandishe picha yake mtandaoni bila ruhusa ya mzazi, hata kama ni poa vipi. Shirika la skauti duniani lina mafunzo ya mtandaoni kuhusu kumlinda mtoto, yafanye kabla ya kushika filimbi. Na kiongozi anayekasirika ukimuuliza kuhusu mambo haya, huyo usimpe watoto.

Anzia hapa

Usianze kwa kuunda kundi jipya na nembo mpya. Hiyo ni presha yetu ya mjini, kila mtu anataka kuwa mwanzilishi. Nenda kwenye shule ya msingi iliyo karibu nawe, uliza kama ina skauti na nani mlezi. Kama lipo kundi, mwambie mwalimu utakuja kusaidia, kisha ukae pembeni Jumamosi nne ukitazama na kubeba kamba. Kama halipo, ama lilikufa, uliza kamishna wa skauti wa kaunti yenu ndogo, yeye ndiye anajua nani anahitaji mtu na jinsi ya kusajiliwa. Usipitie dirishani. Kundi ambalo halijasajiliwa likipata ajali kambini, hutakuwa na wa kukutetea.

Halafu beba mwenzako mmoja. Rafiki yako wa base, yule anayejua kuchekesha watoto. Kundi la yule jamaa wa boda linatishika kufa kwa sababu moja tu, kwamba siku zote lilikuwa na mtu mmoja. Wangekuwa wawili, angekuwa anafunga sanduku la Qatar bila wasiwasi.

Huhitaji kuwa uliwahi kuwa skauti. Huhitaji kujua hata fundo moja. Watoto watakufundisha, na watafurahi sana kukuona unakosea. Unachohitaji ni Jumamosi hii, saa nane, viatu unavyoweza kukimbia navyo, na chupa ya maji. Ukifika getini waambie umekuja kusaidia.